Alimpisha, au Alipitwa? Maisha ya Kaka Yangu, Mzee Hatua

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, dada yake wa pekee. Nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu kila mwingine aliyeombwa alikuwa na upande. Kabla sijaanza, fungueni ukurasa wa tatu wa kijitabu mlichopewa pale mlangoni. Katikati kuna sentensi yenye pengo la nukta nukta. Mchapaji hana kosa, na wala wino haukumwishia. Nitafika hapo. Naomba subira yenu, maana yangu mimi nimeitumia karibu miaka arobaini na iliyobaki ni ya kukwangua.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshona nguo. Tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, ambako hata mto wa kulalia ulikuwa na vumbi la mbao. Mama alisimulia kwamba mimi nilipozaliwa, miaka minne baada yake, swali la kwanza la kaka yangu halikuwa jina langu. Aliuliza kama nilikuwa mzito kuliko yeye alipozaliwa. Mama, ambaye hakujua kusema uongo hata pale ulipohitajika, alimwambia ndiyo, kidogo. Nadhani hakunisamehe hadi nilipoolewa, na hapo ndipo alipopata jambo jingine la kunishikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Hakuwa mjinga hata kidogo. Mwaka mmoja alishika nafasi ya tatu darasani, akarudi nyumbani na ripoti yake na kumthibitishia baba kwamba ukiondoa somo la kuchora na somo la usafi, yeye ndiye wa kwanza. Baba aliendelea kupiga randa. Alipomaliza ubao wake akamwambia, "Na ukimwondoa aliye wa kwanza na aliye wa pili, wewe ndiye wa kwanza pia." Kaka yangu alilichukua hilo kama ushauri.

Baiskeli aliijua kwa sababu ya milango. Baba alikuwa na baiskeli nzito ya kupelekea kazi kwa wateja, na kaka yangu ndiye aliyetumwa, amefunga mlango mzima ubavuni na upepo unamsukuma unakotaka wenyewe. Aliyezoea kupanda mlima na mlango wa mninga, ukimpa baiskeli ya mashindano anaona amepewa unyoya. Mwaka 1977 timu ya kiwanda cha sabuni ilimwajiri kama mwendeshaji wa kulipwa. Walimpa mshahara, fulana, na katoni ya sabuni kila mwisho wa mwezi. Sabuni zile tulizifulia hadi mikono ikachubuka.

Sasa naingia penye matata, na nitaeleza polepole kwa ajili ya wale ambao kwa bahati yao njema hawakuwahi kukaa sebuleni kwangu siku ya Jumapili. Mbio Kuu zilikuwa za siku nane. Kila siku moja huitwa hatua, na kila hatua ina mshindi wake. Halafu muda wa siku zote nane unajumlishwa, na mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye anayepewa kikombe. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda hatua nyingi na asione kikombe, na mwingine anaweza kuchukua kikombe bila kuwa wa kwanza kukata kamba ya mwisho hata siku moja. Kwenye uendeshaji baiskeli hiyo ni kawaida. Kwenye familia ni balaa.

Marehemu, katika maisha yake yote ya mashindano, alishinda hatua kumi na nne. Mtangazaji wa redio ndiye aliyembatiza jina la Hatua, likamganda hadi leo, na wapo hapa ambao hawajui jina lake jingine. Kikombe hakupata. Mwendeshaji mmoja wa timu ya posta hakushinda hatua hata moja, hata kwa bahati mbaya, lakini kikombe alikichukua mwaka 1985. Huyo watu walimwita Mara Moja. Huyo ndiye mume wangu. Yupo pale safu ya pili, amevaa koti la kijivu, na anatazama viatu vyake.

Mnaweza kudhani jambo hili lilikuwa rahisi kuliacha. Lingeachika kama si kona. Mwaka ule 1985, Mara Moja alikuja nyumbani kuniposa. Baba alimkaribisha vizuri, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kijana, wewe umeshawahi kushinda nini?" Akajibiwa kwamba bado. Baba akasema, "Basi nenda kashinde kitu, kisha urudi. Binti yangu hatakula bado." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kaka yangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anacheka hadi anapaliwa.

Hatua ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Oktoba. Aliyeshinda hatua yenyewe ni kijana mwingine aliyetoroka mapema, ambaye leo hakuna anayemkumbuka, maskini. Macho yote yalikuwa kwa hawa wawili wangu. Kaka yangu aliongoza kwa jumla ya muda, kwa sekunde chache tu. Walipanda mlima wakiwa wawili peke yao, bega kwa bega. Waliingia kwenye kona ya mwisho kaka yangu akiwa mbele, wakatoka Mara Moja akiwa mbele, na hivyo ndivyo walivyofika mwisho, kwa pengo lililotosha kuzifuta sekunde zile. Mume wangu anasema alimpita. Kaka yangu alisema alimpisha. Alisema alisogea kando kwa hiari yake, kwa huruma, ili dada yake apate mume.

Penye kona ile palikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ni mimi. Nilitumwa na timu ya sabuni nisimame pale nimpe kaka yangu chupa ya maji. Nimesema mwaka 1985, nikasema kila mwaka uliofuata, na leo nasema mbele ya jeneza kwa mara ya mwisho: chupa iliniponyoka. Nilikuwa nimeinama naitafuta kwenye majani. Nilipoinuka walikuwa wameshapita. Sikuona. Kati ya hao wawili hakuna aliyewahi kuniamini. Kaka yangu alisema namlinda mume wangu, na mume wangu alisema namlinda kaka yangu.

Kwa hiyo niliolewa Desemba mwaka ule, na tangu siku ile nimekuwa mke ambaye ama alipatikana kwa miguu ya mumewe, au alitolewa zawadi kwenye kona na kaka yake kama kilo ya sukari. Hakuna aliyeuliza mimi nilimtaka nani. Nilimtaka huyu, na ningemchukua hata bila kikombe. Nilishamwambia baba hivyo tangu mwezi wa saba, na baba alikuwa anamtania tu. Lakini nani anisikilize, wakati kuna watu wawili wanapigia hesabu sekunde?

Marehemu alistaafu mashindano mwaka 1991 na kuajiriwa na halmashauri ya mji kama mkaguzi wa mizani. Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu hadi mwaka 2017. Alipita sokoni na mawe yake ya kupimia ndani ya sanduku la bati, na wauza nyama walimjua kwa mlio wa sanduku lile. Muuza nyama aliyebandika sarafu chini ya sahani ya mizani hakufika jioni bila kubambwa. Hakuwahi kupokea hata mfupa, na hilo nalisema kwa fahari. Lakini mtu huyuhuyu, akirudi nyumbani, alikaa na kutunga mizani yake mwenyewe ya kupimia waendeshaji baiskeli. Hatua moja pointi tatu. Kikombe pointi kumi. Mume wangu alipokumbusha kwamba siku nane za kuvumilia ni zaidi ya hapo, kikombe kilipanda hadi ishirini, lakini wiki iliyofuata hatua za milimani zikawa pointi tano. Baadaye ikaja adhabu ya pointi kwa aliyeshinda bila kushinda hatua, adhabu ambayo duniani kote ilimhusu mtu mmoja. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kaka yangu aliivuta ngoma hadi ikachanika.

Tuliponunua televisheni inayoonyesha mbio za ng'ambo, nilidhani nimepona, maana sasa wangebishana kuhusu watu wengine. Wapi. Jumapili moja walikuwa wanalinganisha waendeshaji wawili wa huko. Mmoja alikuwa na vikombe kadhaa vya mbio za wiki tatu, na mwingine alikuwa na hatua zisizohesabika.

"Huyu ndiye mkubwa," mume wangu alisema. "Vikombe havidanganyi."

"Vikombe tunavyo hata jikoni," kaka yangu akajibu. "Mtu unakaa nyuma ya migongo ya wenzako wiki tatu kama mzigo, halafu uitwe bingwa?"

"Anajua lini atoke, shemeji. Hiyo ndiyo akili."

"Anajua lini atapishwa."

"Yule? Yule amepishwa wapi?"

"Mimi sijamtaja mtu."

Mimi nikabeba birika nikaenda jikoni. Chai ilikuwa bado imejaa, lakini nilihitaji ukuta kati yetu.

Na kulikuwa na kikombe chenyewe. Kimekaa juu ya kabati letu la vyombo, kina masikio mawili na maandishi upande wa mbele. Kila Jumapili marehemu alipoingia kwangu, kabla hajavua kofia na kabla hajasalimia, alikwenda kabatini akakigeuza maandishi yatazame ukuta. Alipoondoka, mume wangu alikigeuza tena. Hawakusemeshana kuhusu jambo hilo. Kabati lina alama ya mduara juu yake kwa sababu ya kuzungushwa, na fundi wa samani aliniambia haifutiki.

Marehemu alimwoa wifi yangu, mshona mapazia, tarehe 16 Julai 1988. Harusini kwake alipewa nafasi ya kuwashukuru wageni, akashukuru vizuri kabisa, kisha akasema anatumaini wageni wameona kwamba yeye amepata mke bila kupishwa na mtu. Wifi yangu alimkanyaga mguu kwa kisigino cha kiatu, na kucha ya kidole gumba ikang'oka. Ndoa ile ilidumu kwa upendo na kwa mbinu hiyohiyo. Walijaliwa watoto wanne, na nyumba yao ilikuwa na mapazia mazuri kuliko nyumba yoyote mtaani, ukiondoa ile moja ambayo marehemu aliiondoa kwenye hesabu.

Ugonjwa wa moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwanzoni alichoka akipanda ngazi, kisha akavimba miguu. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umetanuka. Yeye akampigia simu mume wangu kumwambia kwamba moyo wake ni mkubwa na daktari ameuona kwa mashine. Mume wangu ana presha, kwa hiyo wakapata uwanja mpya. Walipigiana simu asubuhi kulinganisha namba. Aliyekuwa na presha ya chini ndiye mshindi wa siku, na nawahakikishia kwamba kila siku moja iliitwa hatua. Nilisikia kwa masikio yangu mzee wa miaka sitini na saba akimwambia mwenzake, "Leo umenipita, lakini ulimeza vidonge viwili, na hilo haliruhusiwi."

Alilazwa Februari mwaka huu. Mume wangu alikwenda kila siku saa za kuona wagonjwa, na wauguzi walilalamika kuhusu kelele. Jioni moja alipokwisha kuondoka nilibaki naye peke yangu. Alikuwa amedhoofu, hewa inamwingia kwa taabu. Nikaona basi, niulize, kwa maana nisipouliza leo nitauliza lini. Nikamwambia, "Kaka, hapa tupo wawili tu. Kule kwenye kona, ulimpisha au alikupita?"

Alitazama dari. Halafu akasema, "Alinipita. Miguu ilikuwa imekwisha kabisa, mdogo wangu. Hata ningetaka kumpisha, nisingekuwa na nguvu ya kusogea kando."

Sitawaficha kwamba nilikasirika. Nilitaka kumpiga kwa mto wa hospitali. Nikamwambia, "Umenisumbua miaka yote hii. Umemnyima mwenzako kitu kimoja alichonacho. Kwa nini hukusema?"

Akasema, "Ningesema, Jumapili ningekuja kwenu kufanya nini? Kunywa chai tu?"

Kisha akaongeza, "Na usimwambie sasa. Atanionea huruma, ataanza kuniletea matunda. Mwambie siku ya kunizika." Nikaahidi. Kesho yake mume wangu alipoingia wodini, mgonjwa alijiinua kwenye kiwiko na kusema, "Karibu, bingwa wa kupishwa," na mume wangu akavuta kiti akakaa, uso umemkunjuka. Mimi nilisimama mlangoni na mfuko wa nguo chafu mkononi na sikujua nimkasirikie nani.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uangalizi wao na kwa uvumilivu wao, ambao mimi naujua thamani yake.

Ndipo tukaanza kuandaa kijitabu hiki. Mtoto wake wa kwanza, anayefanya kazi ya bima, alitaka liwekwe jedwali la mafanikio, hatua upande mmoja na vikombe upande mwingine. Nilimwambia hatuuzi gari. Akakubali jedwali liondoke, lakini akashikilia iandikwe kwamba katika kona ya mwisho baba yake alimpisha shemeji yake. "Shangazi, ni neno la baba," alisema. "Alilisema maisha yake yote. Tukilibadilisha siku ya kumzika tutakuwa tumemzulia." Nikamwambia mume wangu naye ana maisha yake yote. Akasema, "Wewe si ulikuwepo? Uliona nini?" Wifi yangu akainua macho kutoka kwenye shela alilokuwa anashona na kusema, "Aliona chupa, mwanangu. Mwache shangazi yako." Wifi, Mungu akubariki. Ni wewe tu uliyewahi kuniamini.

Nilikuwa nimeahidi kutosema hadi mazishi, na kijitabu kilitakiwa kichapwe siku mbili kabla. Mchapaji akanipigia simu. "Mama, mashine inasubiri. Niweke alimpisha au alipitwa?" Nikamwambia aache pengo. Akaniuliza kama nina uhakika, maana watu watasema kiwanda chake hakihakiki kazi. Nikamwambia waliokuja kumzika Hatua wataelewa.

Nina jambo moja zaidi. Jumatano, siku moja baada ya kifo, nyumba yetu ilikuwa imejaa watu, nikapita na kitambaa kufuta kabati la vyombo. Nikakuta kikombe kimetazama ukuta. Marehemu alikuwa hajafika kwetu tangu Januari. Nikanyoosha mkono nikigeuze, na mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake, "Kiache." Nikamuuliza nani amekigeuza. Akasema, "Jumapili nani atakuja kukigeuza?"

Kwa hiyo nawaomba wenye kalamu wazitoe. Ukurasa wa tatu, kwenye pengo, andikeni: alipitwa na. Sentensi itasomeka, "Katika kona ya mwisho, marehemu alipitwa na shemeji yake." Ni neno lake mwenyewe, na mimi nimelipokea kwa masikio yangu nikiwa sijainama kutafuta kitu. Mwanangu wa bima, andika na wewe. Baba yako hakuzuliwa.

Na wewe, Mara Moja, inua kichwa. Ulishinda, tangu siku ile. Alijua, na alikaa na neno hilo kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kukwambia kwamba anapenda kuja kukaa na wewe. Wanaume wengine husema tu, lakini tumejaliwa nyinyi. Tukirudi nyumbani ukitaka kigeuze kikombe, ukitaka kiache. Chai nitapika kama kawaida, na kiti chake sitakiondoa. Usitegemee nibishane na wewe. Ingawa, kusema kweli, hatua kumi na nne ni nyingi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita ambao wote wanadai ndio aliowapenda zaidi, dada mmoja aliyechoka, na shemeji mmoja aliyebaki bila mpinzani. Kaka, umefika mwisho wa mlima, na safari hii hakuna wa kukupita. Pumzika kwa amani, na huko ulikotangulia usianze kuwapangia wenzako pointi.